Unataka Vipepeo? Waachie Viwavi Majani



Chukua Biblia yako, hata ile ya kwenye simu inaruhusiwa, fungua Lk 13:6-9, soma taratibu mara mbili, halafu rudi hapa.

Umesoma? Ni ule mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu mfululizo kutafuta tunda, hakuti kitu, anaamua ukatwe. Mtunza shamba anauombea: uachwe mwaka mmoja zaidi, aulimie kuuzunguka na kuutilia mbolea. Yesu hatuambii mwaka uliofuata ilikuwaje. Mfano unaishia pale pale, mtu ana jembe mkononi na mti bado haujazaa.

Leo nataka tumwangalie huyo mtunza shamba kwa njia ambayo pengine hukuitegemea. Tutazungumza kuhusu vipepeo. Usicheke, twende pamoja.

Kipepeo haitwi, anavutwa

Hapa kwetu Mpanda mvua huanza Novemba na kukatika Aprili. Mvua zikishakolea, ukitoka mjini kwa barabara ya Sitalike utaona vipepeo weupe na wa njano wamejazana kwenye matope kando ya madimbwi. Wengi wao ni madume. Wanafyonza chumvichumvi iliyomo kwenye tope, kwa sababu kwenye maji matamu ya maua haipatikani ya kutosha. Yaani hata kiumbe mzuri namna ile ana shida zake, na anazitafutia dawa matopeni bila aibu.

Kikundi chetu cha vijana kina kazi ya kutunza bustani iliyo mbele ya pango la Bikira Maria. Mwaka juzi tukakubaliana kwamba tunataka vipepeo pale. Wazo zuri kabisa. Lakini kipepeo huwezi kumpigia filimbi akaja, na ukimkimbiza ndiyo kwanza anakwenda zake. Njia ni moja tu: andaa mahali ambapo akipita atakuta anachohitaji. Basi, atakaa mwenyewe.

Papa Benedikto XVI alisema jambo la aina hiyo kuhusu Kanisa, akihubiri Aparecida, Brazil, Mei 2007: kwamba Kanisa hukua kwa mvuto, kama Kristo alivyowavuta watu kwake kwa upendo wake msalabani. Papa Fransisko akalirudia mara nyingi. Na wahenga wetu walishalijua neno hilo: subira huvuta heri. Ona, heri nayo haikamatwi. Inavutwa.

Sasa kipepeo anahitaji nini? Nikwambie, maana na nyumbani kwako unaweza kufanya, hata kama eneo ni dogo.

Anahitaji jua. Asubuhi utamwona ametulia ametandaza mbawa. Anaota jua mpaka mwili upate joto la kumwezesha kuruka. Kwa hiyo maua yake yapande mahali panapopigwa na jua, tena yawe mengi pamoja ili ayaone kwa mbali. Alizeti inafaa, zinia zinafaa, na ukiacha mbaazi na kunde zitoe maua utaona vile vipepeo vidogo vya bluu.

Anahitaji kunywa bila kuzama. Sahani yenye mchanga uliolowa inatosha.

Wengine maua hawana habari nayo. Kuna vipepeo wakubwa, wenye mbio, ambao wanapenda embe lililoiva kupita kiasi na utomvu wa mti uliojeruhiwa. Msimu wa maembe ukifika, na Mpanda maembe si unajua yanavyokuwa, weka machache yaliyolainika juu ya jiwe, utawaona.

Anahitaji kukingwa na upepo, na anahitaji usalama dhidi ya dawa za kuulia wadudu. Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 aliliona hili: dawa za mashambani zinaangamiza ndege na wadudu ambao wenyewe ni msaada kwa kilimo.

Yote hayo vijana wetu waliyafanya kwa furaha. Ikabaki moja, na hiyo ndiyo iliyoleta maneno.

Mlimau ulioliwa

Pembeni ya pango kuna mlimau. Kipepeo wa limau unamfahamu hata kama hujui jina lake: mkubwa, mweusi, ana madoa ya njano kila mahali. Jike akitaka kutaga hatui popote tu. Anagusa jani kwa miguu yake ya mbele, na miguu hiyo ndiyo ulimi wake. Anaonja kama jani hili linafaa kuliwa na watoto wake. Likifaa, anaacha yai moja, anahamia jani jingine.

Yai likianguliwa, anayetoka si mzuri hata kidogo. Kiwavi mchanga wa kipepeo huyu anafanana na kinyesi cha ndege. Ndivyo Mungu alivyomkinga, maana ndege gani atakula kinyesi chake? Akikua anakuwa wa kijani, mnene, na kazi yake ni moja: kula. Ukimgusa anachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na anatoa harufu kali. Anakula majani mpaka tawi linabaki jiti.

Basi Jumamosi moja vijana wakamkuta kaziniii, zaidi ya kumi kwenye mlimau mmoja. Mmoja akaenda kuazima bomba la kupulizia dawa. "Wanaharibu bustani ya Mama Maria!" Na kwa haraka haraka hoja ilikuwa na mantiki. Mti ulikuwa unaonekana vibaya kweli.

Kuna bibi mmoja wa jumuiya yetu, mzaliwa wa Ufipa aliyehamia Mpanda zamani, ambaye alikuja pale kusali rozari yake. Alipoona bomba akauliza ni la nini. Akaelezwa. Akasema, "Wajukuu zangu, mnataka vipepeo, na watoto wao mnawaua. Mtawapata wapi?"

Kimya. Kisha akacheka, akaendelea na rozari.

Dawa haikupuliziwa. Mlimau uliliwa, ukachipua tena mvua zilipoendelea, na leo umesimama. Mti uliokomaa unaweza kupoteza majani kadhaa na usife. Lakini lile swali la bibi halikuishia kwenye mlimau. Mimi limenikaa kichwani tangu siku hiyo, kwa sababu nililiona likitembea kwa miguu miwili ndani ya familia yetu.

Mdogo wangu

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Ameniruhusu niandike haya, jina nimeliacha. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, kidato cha tatu, msichana wa kuchekacheka. Akapata ujauzito.

Maneno yaliyofuata mnayajua, sina haja ya kuyaorodhesha. Yalisemwa bombani wanapochota maji, yalisemwa baada ya Misa, yalisemwa kwenye makundi ya simu kwa mafumbo ambayo kila mtu aliyaelewa. Hakuna aliyemfukuza kanisani. Hapana. Ni kwamba kila alipokaa kwenye benchi, benchi lilikuwa na nafasi kubwa kuliko kawaida. Jumapili ya tatu hakuja. Ya nne hakuja. Akaanza kutokula vizuri. Siku nilipokwenda kumwona aliniambia, "Kaka, mimi Mungu ameshanifuta. Mniache tu."

Ndugu yangu, nataka usome tena maneno hayo. Msichana wa miaka kumi na saba, aliyebatizwa, aliyepakwa mafuta ya Kipaimara, anaamini Mungu amemfuta. Hayo hakuyasoma kwenye Injili. Aliyasoma kwenye nyuso zetu.

Halafu kuna jambo jingine. Katika maneno yote yale yaliyosemwa, mwanaume aliyempa mimba hakutajwa. Alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Sheria ya nchi yetu tangu mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, lakini ndimi zote zilielekea kwa mtoto. Fungua Yn 8:1-11. Mwanamke analetwa mbele ya Yesu, eti amefumaniwa katika zinaa. Amefumaniwa na nani? Mwanaume yuko wapi? Hayupo. Miaka elfu mbili imepita na bado hatumleti.

Tusichanganye viwavi

Hapa nijibu swali ambalo najua baadhi yenu mnalo. "Kwa hiyo unasema dhambi iachwe tu? Kila mtu afanye atakavyo?"

Hapana. Mkulima yeyote wa Katavi atakwambia kwamba si kila kiwavi wa kuachwa. Tangu mwaka 2017 wakulima wa nchi yetu wanapambana na viwavijeshi vamizi, wadudu waliotoka mabara ya Amerika, wanaoingia kwenye moyo wa hindi na kulila likiwa changa. Hao ukiwaacha, familia inalala njaa. Hao hutoka nondo, si vipepeo wa bustanini. Mkulima makini hupita asubuhi shambani, anafunua majani, anaangalia alama kichwani mwa kiwavi, anajua huyu ni nani kabla ya kuchukua hatua. Anayepulizia kila kinachotambaa anaua na nyuki waliokuwa wanamchavushia alizeti.

Kanisa lina neno kwa kazi hiyo: upambanuzi. Mtu mzima anayewinda watoto ni kiwavijeshi kwenye hindi changa. Huyo hafichwi wala hasubiriwi. Mtoto analindwa, na wenye mamlaka wanaambiwa. Kumnyamazia huyo na kuiita huruma ni kumdanganya Mungu. Lakini kijana aliyejikwaa, anayeona aibu, anayekula majani ya uvumilivu wetu na kutupa usumbufu, huyo ni yule wa kwenye mlimau. Kosa letu kubwa ni kwamba tunapulizia wa kwenye mlimau, na yule wa kwenye mahindi tunampa kiti cha mbele.

Na kiwavi wa mlimau haachiwi majani ili abaki kiwavi. Majani yale yana kusudi. Yesu alipomwambia yule mwanamke kwamba hamhukumu, alimwambia pia aende na asitende dhambi tena. Maneno yote mawili ni ya upendo. Ila angalia utaratibu: kwanza aliwaondoa wenye mawe, ndipo akazungumza naye.

Aliyemrudisha

Ni nani aliyemrudisha mdogo wangu? Si mhubiri. Si mimi na tafakari zangu. Ni yule yule bibi wa rozari.

Kila Alhamisi jioni alikwenda nyumbani kwao na karanga kwenye ungo. Akakaa naye mkekani, wakabangua. Wiki ya kwanza hakusema chochote kuhusu kanisa. Ya pili vilevile. Alizungumza kuhusu mvua, kuhusu mgongo wake, kuhusu bei ya mafuta ya kupikia. Mama mdogo anasema kwamba wiki ya sita au ya saba binti mwenyewe ndiye aliyeuliza: "Bibi, hivi mtoto wangu atabatizwa?" Bibi akajibu, "Na mimi nikiwa hai nitambeba." Akaendelea kubangua karanga.

Mtoto amebatizwa. Ni wa kiume, ana mashavu mpaka raha. Mama yake amerudi darasani, kwa kuwa tangu Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango kwa wanafunzi waliokatishwa masomo na ujauzito kurudi kwenye mfumo rasmi wa elimu. Kama kuna msichana anasoma hapa na hakuwa anajua, basi ujue leo: mlango upo, uliza.

Kwaya hajarudi. Misa anakuja, anakaa karibu na mlango. Kuna siku anatoka kabla ya baraka ya mwisho. Siwezi kukuandikia kwamba mambo yamekwisha, maana hayajaisha. Tuko kwenye ule mwaka mmoja wa ziada aliouomba mtunza shamba. Jembe liko mkononi.

Pupa asiye na pupa

Shuleni tulifundishwa hatua nne: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Mimi neno hilo la tatu limekuwa likinifurahisha siku zote. Kwa Kiswahili chetu pupa ni haraka ya tamaa, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Lakini pupa wa kipepeo hana pupa hata chembe. Ananing'inia kwenye kijiti, haendi popote, hali, hanywi. Ukimwona utasema ni jani kavu. Utasema amekufa.

Ndani yake mambo ni mazito. Sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi inayeyuka na kujengwa upya. Na kinachonishangaza zaidi ni hiki: mbegu za mbawa hazikuja pale. Zilikuwepo tangu alipokuwa kiwavi, vifungu vidogo vya chembe hai vilivyojikunja ndani ya mwili wake, vikisubiri wakati. Yaani siku zile alipokuwa anafanana na kinyesi cha ndege, mbawa alikuwa nazo tayari. Hazikuonekana tu.

Mtakatifu Theresia wa Avila, mwalimu wa Kanisa, aliupenda sana mfano wa aina hii. Mwaka 1577 alipoandika kitabu chake kuhusu ngome ya ndani ya roho, alipofika makao ya tano alieleza habari za mdudu wa hariri: anakula, anakua, anajisokotea nyumba yake, anafia humo, kisha anatoka kipepeo mdogo mweupe. Nyumba hiyo, alifundisha Theresia, ni Kristo mwenyewe. Sisi tunajificha ndani yake, ubinafsi wetu unakufa humo, na tunatoka tukiwa wengine. Yesu alitumia mfano wa punje ya ngano inayofia ardhini (Yn 12:24). Ni fumbo lile lile.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, ambaye umemaliza chuo na uko nyumbani mwaka wa pili bila kazi, unaona wenzako wanaposti mafanikio na wewe umening'inia kwenye kijiti. Wewe uliyerudi kutoka machimbo bila hata nauli. Wewe unayesali na husikii chochote: usijihesabu kuwa umekufa kwa sababu hakuna kinachoonekana. Kuna kazi ambayo Mungu huifanya gizani tu. Usiache sakramenti kipindi hicho. Usitoke kwenye nyumba ambayo ni Kristo. Na hata siku kipepeo anapotoka, haruki hapo hapo. Mbawa zinakuwa zimekunjamana na zimelowa. Inabidi aning'inie kwanza, azijaze, zikauke. Subira haiishii kwenye kufunguka kwa mlango.

Daktari wa Karema

Kama unadhani haya ni maneno ya bustanini tu, nikupeleke Karema, mkoani kwetu hapa hapa, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Wamisionari wa Afrika walipokea kituo mwaka 1885. Mwaka 1889 alifika pale kijana mmoja Mwafrika aitwaye Adriani Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, upande wa Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa akauzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa, wakamsomesha, na huko Malta akajifunza utabibu.

Tafakari: mtoto anayepitishwa jangwani akiwa mali ya mtu. Nani angemtazama siku hiyo akaona daktari? Akakaa Karema akitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67, mahali pamoja. Watu wa pande zile za ziwa walipata tabibu na katekista kwa sababu kuna mtu aliona mbawa ndani ya mtoto ambaye wengine walimwona bidhaa.

Kona isiyofagiliwa

Sisi tunapenda uwanja uliofagiliwa mpaka unang'aa. Ni usafi, na nyoka naye haonekani vizuri kwenye majani. Lakini uwanja uliofagiliwa wote, kona zote, hauna kipepeo. Mtakatifu Fransisko wa Assisi aliwaambia ndugu zake waache sehemu ya bustani ya konventi bila kulimwa, ili maua na majani ya porini yaote yenyewe, na anayeyaona amwinue Mungu moyoni. Papa Fransisko analikumbusha hilo mwanzoni kabisa mwa Laudato Si'.

Je, kikundi chenu kina kona kama hiyo? Mahali ambapo kijana anaweza kuja hajavaa sare, hajui nyimbo, ananuka sigara, ana mtoto mgongoni, na asiulizwe maswali siku ya kwanza? Kama kila kona imefagiliwa, tusishangae vijana kutokuja. Tusiseme "vijana wa siku hizi". Tuangalie ufagio.

Wiki hii tufanye nini?

Nakuachia mambo matatu, madogo, yanayowezekana.

La kwanza, bustani. Panda kitu kimoja cha kiwavi, si cha kipepeo tu. Mlimau au mchungwa ukipata mche. Kama una nafasi kubwa, mti wa jamii ya mjohoro huwalea wale vipepeo wa njano hafifu. Na kiangazi kikija usichome majani yote. Moto wa Agosti unaunguza mayai na pupa ambao tungewaona wakiruka Desemba.

La pili, mtu. Kuna jina moja limekujia kichwani ulipokuwa unasoma. Najua. Mtu aliyekuwa anakuja na sasa haji. Nenda kwake. Usiende na mahubiri, nenda na karanga. Na usiende mara moja ukaona umemaliza. Bibi yetu alikwenda wiki sita ndipo akasikia swali moja.

La tatu, ulimi. Ukisikia jina la mtu linapuliziwa dawa kwenye kundi la simu, usiongezee. Ukiweza, sema neno moja la kumtetea. Ukishindwa, angalau Salamu Maria moja kwa ajili yake kabla ya kufunga simu.

Tuombe

Ee Bwana Yesu, mtunza shamba mwema, asante kwa kila mwaka wa ziada uliotuombea kwa Baba. Utupe macho ya kuona mbawa mahali ambapo wengine wanaona uchafu. Utupe hekima ya kumtambua anayeharibu watoto wako, na ujasiri wa kutomficha. Uwakumbuke vijana wote wanaokaa karibu na mlango, wasijue kama wanatakiwa ndani. Uwaambie kwamba hujawafuta. Na utufanye sisi tuwe jani ambalo mtu mmoja atalila, akakua, akaruka kuja kwako. Bikira Maria, Mama wa Mungu, utuombee. Amina.

Tukutane tafakari ijayo. Na kama una mlimau nyumbani, kesho asubuhi geuza majani yake polepole uangalie nani anakaa humo. Mungu awabariki.